Kabla ya kuuza ploti ya Joska, uliza jina la dawa

Ukipata mgonjwa wa kansa kwa familia, kabla hata hujazoea njia ya kliniki kuna mtu atakutumia video. Yetu ilikuja usiku kwa grupu ya WhatsApp ya ukoo. Vijiduara vya bluu vinaogelea kwa damu, vinapita seli nzuri bila kuzigusa, vinafika kwa uvimbe vinalipuka, uvimbe unayeyuka, mama fulani anatabasamu. Chini yake kuna namba ya ajenti na maneno kwamba hiyo ni tiba ya nano, iko India, inapiga kansa peke yake na haina madhara. Anko wangu, kakake mamangu, akaandika, "Hii ndiyo. Ploti ya Joska iende." Watu wakaanza kuweka zile emoji za mikono ya maombi.

Wacha nieleze vile tulifika hapo, manake najua kuna familia iko kwa grupu kama hiyo saa hii na kuna ploti yao inatajwa.

Mamangu ni fundi wa nguo, ana kibanda Umoja, cherehani yake ni ile ya kukanyaga na miguu, na yunifomu za shule ndizo zilitusomesha sote. Alianza kulalamika tumbo limejaa gesi. Akatibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa amiba, akapimwa taifodi kama kila mtu wa Nairobi, akameza vidonge, tumbo likaendelea kufura mpaka wateja wakaanza kumtania kwamba anatarajia mtoto. Kufika wakati mtu aliwaza kumpiga picha ya altrasaundi, maji yalikuwa yamejaa tumboni na ovari moja ina uvimbe. Hapa nitapita haraka, hii sehemu wengi mnaijua: upasuaji, kemo ya kaboplatini na paklitakseli kila wiki tatu mara sita, nywele zikaisha zote, harambee ya kwanza, CA-125, kile kipimo cha damu cha kufuatilia kansa hii, ikashuka vizuri, kanisa likaimba. Kitu kimoja tu nasema hapo, mwanamke yeyote ambaye tumbo linajaa wiki baada ya wiki na anashiba kwa vijiko viwili vya chakula aitishe altrasaundi, asikubali kupewa dawa ya gesi tena.

Kemo iliisha, na kabla miezi sita haijaisha CA-125 ikaanza kupanda, kwanza polepole halafu kwa kasi. CT skani ikaonyesha vijivimbe kwenye utando wa tumbo. Daktari wetu wa kansa ni mtu wa maneno machache. Akamwambia, "Mama, ikirudi mapema hivi maana yake imezoea dawa za platinamu, kama ile kaboplatini uliyopewa. Kukurudishia ileile ni kukuchosha bure. Nataka tutumie doksorubisini, dawa nyingine ya kemo, lakini ile iliyofungwa kwa liposomu, yaani vijimfuko vidogo vya mafuta, dripu moja kila wiki nne." Halafu bila kuulizwa akatupa ukweli wote, kwamba kwa hali kama yake, katika wagonjwa kumi uvimbe hupungua kwa mmoja au wawili hivi, kwa wengine unasimama kwa muda, na kwa wengine dawa haisikiki kabisa.

Sikumpenda siku hiyo. Mtu amehangaika kufika kwako halafu unamwambia mmoja au wawili. Lakini hiyo hesabu ndiyo ilitusaidia baadaye, manake ajenti alikuwa anaongea asilimia tisini, na ukishasikia mtu anakwambia mmoja au wawili bila kupepesa macho unajua nani kati yao hana kitu cha kukuuzia.

Sasa anko hakuwa kliniki siku hiyo. Yeye alikuwa na video. Na si kwamba ni mtu mjinga, ni mtu anampenda dadake na ana ploti, na huko kwetu mtu akiuza shamba apeleke mgonjwa India hata mgonjwa akifa familia inasema walijaribu. Kukataa kuuza ndiko kunahitaji maelezo. Kwa hivyo kazi ikawa yangu, kitinda mimba na mwanamke, kumwelezea mzee kwa nini tusikimbilie. Nikaamua sitabishana naye. Nikampigia ajenti nikamuuliza kitu kimoja tu, hiyo dawa inaitwaje?

Akasema ni teknolojia mpya madam. Nikasema sawa, inaitwaje. Akasema ni nano. Nikasema sawa, kwenye chupa kumeandikwa nini. Akaniambia mambo ya kitaalamu ataongea na daktari wetu, nikamwambia daktari wetu yuko tayari, tuma barua. Ilichukua muda, alikuwa anataka deposit kwanza ya "kufungua faili", nikakataa, tukavutana, mwishowe akatuma mpango wa matibabu kutoka hospitali ya huko. Bei ya kila kitu ukurasa wa kwanza: visa ya matibabu, tiketi mbili, nyumba ya kupanga, vipimo. Ukurasa wa pili, kwa maandishi madogo, ndio kulikuwa na dawa. Doksorubisini ya liposomu, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila siku 28.

Ilikuwa dawa ileile. Dozi ileile, ratiba ileile ambayo daktari wa hapa Upper Hill alikuwa ametuandikia kwa karatasi ya kawaida bila picha ya kijiduara chochote. Na chupa tuliyokuja kununua hapa Nairobi ilikuwa imeandikwa ubavuni kwamba imetengenezwa India.

Nilimpelekea anko zile karatasi mbili nikazilaza mezani kando kwa kando. Alizisoma polepole, akavua miwani, akacheka ile kicheko ya mtu ameudhika, akasema, "Kwa hivyo walikuwa wananiuzia ndege." Sina ubaya na hospitali za India, kuna vitu watu wanafuata huko na wana sababu, na hiyo hospitali yenyewe iliandika barua ya ukweli. Video ilikuwa ya ajenti.

Baada ya hapo ndio nikaanza kusoma sasa, usiku nikiwa wodini au kwa foleni, kwa simu tu, kwa sababu nilitaka kujua tunaingiza nini kwa mshipa wa mamangu. Na kitu cha kwanza nilichokuta ni kwamba hii si mpya hata kidogo. Ile ya kwanza, Doxil, ilikubaliwa Marekani mwaka 1995 kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye kansa ya Kaposi, na 1999 ikaongezewa kansa ya ovari. Waliosukuma kazi hiyo ni watafiti wa Jerusalem, Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon. Watoto waliozaliwa mwaka huo wameshaoa.

Chukua milimita moja uigawe mara milioni, kipande kimoja ndio nanomita. Kijimfuko cha hii dawa kina upana wa nanomita 80 hadi 100. Ukuta wake ni tabaka mbili za mafuta, ndani doksorubisini imeshindiliwa mpaka imekuwa kama fuwele, na nje kumepakwa nyuzi za polimeri inaitwa PEG ili mwili usiutambue mapema ukautupa. Doksorubisini ya kawaida ikiingia kwa mshipa inaondoka kwa damu baada ya dakika chache na kusambaa kila mahali, moyo ukiwemo, ndio maana ina kikomo cha maisha, madaktari wanajumlisha kila dozi uliyowahi kupewa na wakikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa mita ya mraba wanasimama kwa sababu ya kuogopa moyo. Ile ya mfuko inazunguka siku kadhaa, hata baada ya siku mbili bado sehemu kubwa iko kwa damu.

Sasa inafikaje kwa uvimbe? Uvimbe unajijengea mishipa ya damu haraka haraka, kama mabomba ya hizi fleti zinazojengwa miezi mitatu, viungo havijakazwa, zinavuja kila mahali. Mishipa ya moyo imekaza, mfuko wa saizi hiyo haupenyi kirahisi. Ya uvimbe inavuja, mfuko unapenya na kukwama huko. Wajapani wawili, Matsumura na Maeda, waliandika hayo mwaka 1986 na dunia nzima ya dawa za nano ikajengwa juu yake. Hakuna macho, hakuna kutafuta, hakuna kulenga kwa maana ya video. Dawa inazunguka tu na kuvuja mahali panapovuja.

Na hata hiyo kuvuja si nyingi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi iliyotangulia za chembe za nano kwa wanyama wa maabara wenye uvimbe, wakakuta kiwango cha katikati kinachofika kwa uvimbe ni asilimia 0.7 ya dozi. Si sabini, wala saba. Nyingi inaishia kwa ini na bandama. Kuhusu zile za kulenga kabisa, zenye kitu kimebandikwa nje cha kushika seli ya kansa, watu wamejaribu kwa pesa nyingi. Kampuni ya Marekani, BIND Therapeutics, iliyokuwa inasifiwa sana kwa hilo iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka huohuo wa 2016, na jaribio la liposomu ya doksorubisini yenye kingamwili ya kushika HER2, protini iliyo nje ya seli za baadhi ya kansa za matiti, likasimamishwa mwisho wa mwaka huo huo kwa sababu halikuwa linaishinda tiba ya kawaida. Watafiti wanaendelea, na sitaki mtu aseme nimekejeli sayansi, liposomu kama hizi ndizo zinabeba dawa ya kala-azar na ya meninjitisi ya fangasi, na chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilibebwa na chembe za mafuta pia. Lakini ukiona mtu wa Nairobi anakuuzia nano inayolenga kwa matone ya kuweka kwa chai, na tuliletewa hayo pia na jirani mwenye nia nzuri, chupa moja shilingi elfu nne mia tano, muulize ina dawa gani ndani. Mfuko bila dawa ndani ni mafuta tu.

Kwa hivyo tulilipia nini kama haipigi kansa zaidi sana? Tulilipia moyo. Mamangu ana presha ya miaka mingi, eko, ile altrasaundi ya moyo, ilikuwa sawa lakini si ya kujivunia, na daktari alisema hataki kuugusa na doksorubisini tupu. Pia nywele, kwa hii nyingi zilibaki, na kwa mama aliyekaa mwaka mzima na kitambaa kichwani hicho si kitu kidogo. Nilipoelewa hivyo niliacha kungoja muujiza, na nadhani hiyo ndiyo sababu sikuvunjika baadaye.

Tuje kwa pesa. Dozi inahesabiwa kwa eneo la mwili. Mamangu ni mita za mraba 1.6, mara 40, unapata miligramu 64. Chupa ndogo ni ya miligramu 20, kwa hivyo unanunua chupa nne, ya nne unatumia kiasi kidogo na iliyobaki inatupwa. Nilimuuliza daktari, kwa uoga kidogo manake sikutaka aone namfanyia mamangu bei ya sokoni, kama 60 inaweza. Akapiga hesabu akasema iko chini ya asilimia 10 ya tofauti, inakubalika, hasa kwa mgonjwa ambaye hatutarajii kumaliza ugonjwa bali kuushikilia. Chupa moja nzima tukaiokoa kila mzunguko. Hakuna mtu angetuambia bila kuuliza. Kama hospitali ina wagonjwa wawili wa dawa hiyo uliza pia kama wanaweza kuwekwa siku moja wagawane chupa, kuna mahali wanafanya hivyo na mahali hawafanyi.

Ila mamangu alikuwa amekaa hapo. Kwa matatu tukirudi, hapo Ngong Road jam imesimama, akaniuliza, "Amesema kuushikilia. Kwa hivyo haitoki?" Nikamwambia haitoki mama, ila inaweza kukaa. Akanyamaza mpaka tukafika mjini, halafu akasema tununue uzi mweupe, shule zinafunguliwa. Kama unampeleka mzazi kliniki amua mapema ni nani atamwambia maneno kama hayo na wapi, asije akayasikia katikati ya hesabu ya chupa.

Bei zinatofautiana sana, duka hadi duka, Upper Hill, mjini, Westlands, kwa chupa ya aina moja unaweza kukuta karibu mara mbili. Piga simu kwanza. Na hapa kuna mtego mbaya. Duka moja lilitupa bei ya chini mpaka ndugu yangu akaanza kutuma pesa, mimi nikaomba picha ya chupa kwanza. Ilikuwa doksorubisini ya kawaida. Nikawaambia, wakanijibu si ni ileile tu madam. Si ileile. Hizi mbili hazibadilishwi moja kwa nyingine hata kama miligramu zinafanana, ni hatari, na kwa mamangu moyo ndio ungelipa. Kwenye chupa na boksi lazima usome neno "liposomal". Ile ya kawaida ikiwa ya maji ni nyekundu angavu kama sharubati, ile ya liposomu ni nyekundu yenye ukungu, huoni vizuri upande wa pili. Angalia kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na risiti iwe na namba ya bechi.

Fomu ya kuomba idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali, nayo mara ya kwanza ilikuwa imejazwa "doksorubisini" tu hospitalini, ikabidi irudi kuandikwa upya. Soma fomu kabla haijatumwa, usiogope kuonekana mjuaji. Wakati tunaanza, kikomo cha kansa kilikuwa shilingi 400,000 kwa mwaka na ni ya nyumba nzima, si ya kila mgonjwa, halafu ikiisha kuna 150,000 za mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Viwango hubadilishwa, uliza vya sasa, na uliza salio kabla ya dripu, usingoje kuambiwa kwa kaunta na mgonjwa ana sindano mkononi. Ile tofauti iliyobaki tulichanga: chama cha mamangu, sisi watoto, kanisa kidogo. Anko alitoa pesa taslimu kila mara bila kuitwa.

Dawa inakaa kwa friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande, ikiganda imeharibika. Kama hospitali inakuambia ununue nje ulete, beba lile boksi la kuhifadhi baridi na vile vipande vya barafu, lakini weka taulo au kadibodi katikati chupa isiguse barafu. Na usinunue Ijumaa dawa ya Jumatatu ukaiweka kwa friji ya nyumbani yenye stima inapotea, nunua asubuhi yenyewe.

Dripu ya kwanza usiende kutafuta chai. Nasema hivyo kwa sababu dakika za mwanzo kabisa mamangu uso uliiva, akashika kifua, akasema mgongo unauma, na mimi ndiye nilimwita sista. Wakafunga dripu, wakampa sindano za kutuliza, wakangoja, halafu wakaanza upya polepole kabisa na ikapita hadi mwisho. Tukaelezwa kwamba hiyo ni kinga ya mwili inaushtukia ule mfuko, na huja zaidi mara ya kwanza. Mizunguko iliyofuata hakukuwa na kitu. Halafu jua kwamba hii dawa huchanganywa na maji ya dextrose asilimia 5, si ya chumvi. Siku moja sista mgeni alikuja na mfuko wa maji ya chumvi na mwenzake akamkatiza kabla sijafungua mdomo. Hawa watu wana wagonjwa wengi sana, kusoma lebo ya mfuko na kuuliza kwa heshima "sista, hii ni dextrose?" hakumkosei mtu. Na mwambie mgonjwa mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu siku hiyo na pengine inayofuata. Ni rangi ya dawa. Mama mmoja pale kliniki hakuambiwa, akaamka usiku akadhani anatoka damu, akapiga nduru nyumba nzima ikaamka.

Tuje kwa mikono sasa. Hii ndiyo nataka ukae nayo.

Kwa sababu ule mfuko unazunguka siku nyingi, unavuja pia mahali pengine penye joto na msuguano na kukandamizwa, na hapo ni viganja na nyayo. Madaktari wanauita ugonjwa wa mikono na miguu, na wanakwambia kwa sauti ileile wanayosemea kichefuchefu, haraka haraka, kama kitu cha kawaida. Kwa fundi wa cherehani ya kukanyaga si cha kawaida. Mzunguko wa kwanza hakuna kitu. Wa pili viganja vikawa vyekundu, vinawasha kama ametoka kukata pilipili. Wa tatu ngozi ikapasuka kwa kisigino na kwa kidole gumba, pale pale anaposhikia mkasi, akawa hawezi kushika sindano wala kukanyaga. Mdomoni vidonda. Nilimkuta jikoni analia, na kwa kemo ile ya kwanza yote sikuwahi kumwona akilia.

Kile kinachosaidia kinaanza kabla ngozi haijachubuka. Wakati wa dripu yenyewe tulianza kumwekea barafu iliyofungwa kwa kitambaa mikononi na miguuni. Wiki ya kwanza baada ya dripu hakuna maji ya moto, anaoga ya vuguvugu au baridi, hakuna kufua, hakuna kuosha vyombo, hakuna kusonga ugali, na huo mwiko ndio adui mkubwa manake una joto na msuguano na kukandamiza vyote pamoja, na mama wa kwetu kumwambia asisonge ugali wake ni kumtoa kwa nyumba yake. Ilibidi binti ya dada ahamie kwake wiki hiyo. Viatu vya kubana hapana, hata Jumapili, alienda kanisani na patipati na wakamzoea. Krimu ya yurea asubuhi na usiku, kupaka bila kusugua. Mdomo anasukutua na maji yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea. Homa ikifika 38 hungoji asubuhi, unaenda hospitali usiku huohuo, hiyo ni ya kemo zote.

Na mwambie daktari mapema. Wamama wetu wanaficha, wanaogopa wakisema inauma dawa itasimamishwa. Mamangu alikuwa anaenda kliniki amevaa soksi ndefu ili nyayo zisionekane, mpaka nilipozivua mwenyewe mbele ya daktari, na akanikasirikia kweli. Daktari hakuisimamisha. Aliisogeza mbele wiki mbili ngozi ipone, akapunguza dozi, na ilikuwa sawa. Kuchelewesha na kupunguza ni sehemu ya hii dawa, imeandikwa hata kwa maelezo yake, si kushindwa.

Je, ilifanya kazi? CA-125 iliacha kupanda, ikakaa palepale miezi kadhaa. Skani ikaonyesha vijivimbe havijakua wala kupungua. Maji hayakurudi tumboni, alikula, alishona maagizo ya Januari yote, ingawa msichana wa kazi ndiye alikuwa anakanyaga na yeye anakata na kupima. Moyo, eko ya pili, haukusogea. Halafu ikaanza kupanda tena na tukaiacha. Hakuwa yule mmoja au wawili, alikuwa wale ambao unasimama kwa muda. Kuna watu wananiuliza kama ilifaa zile pesa na mimi nasema ndiyo, ila kama ingekuwa ni bei ya ploti ningesema hapana, na tofauti ya hizo mbili ilikuwa ni karatasi ya pili ya ile barua.

Kitu kimechekesha ukoo wote ni kwamba sasa yuko kwa paklitakseli ya kila wiki, ile ya kawaida kabisa, bila mfuko wala nano, dozi ndogo ndogo, bei yake ni rahisi sana ukilinganisha, na CA-125 inashuka. Daktari alisema kuipa kila wiki si sawa na kuipa kila wiki tatu, hata kama mgonjwa alishawahi kuipata. Shida yake ni ganzi ya vidole, kwa hivyo bado mkasi anaushika kwa uangalifu, na nywele zimeenda tena. Na ni nauli kila wiki. Wameongea kuhusu kuongeza bevasizumabu, dawa ya kuzuia uvimbe kujijengea mishipa ya damu, nimeuliza jina la ile isiyo ya kampuni ya kwanza na bei yake, na kwa sababu inapandisha presha na inaweza kutoboa utumbo wanataka kwanza presha ikae chini na waangalie skani tena. Anko ameshaanza kuniuliza kila jioni imefika ngapi juu ya ngapi.